Mnara Ukiugua, Napata Mgeni

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na goti lako kabla ya kitu kingine chochote, maana mara ya mwisho uliniambia linalia kuliko bawaba ya mlango. Je, limenyamaza? Na macho? Kama karatasi hii umeishika mbali na uso kama mtu anayeogopa itamuuma, basi miwani bado hujanunua, na ubishi wako haujapungua tangu tulipokuwa tunalala kitanda kimoja. Watoto hawajambo? Wajukuu je? Nisalimie mmoja mmoja, usiwasalimie kwa jumla kama unatangaza mkutano.

Ukinigeukia mimi, mimi mzima. Cherehani inakwenda, miguu inaikanyaga, sare za shule zinashonwa, na mdomo wangu unaujua, huo haujapata kuugua hata siku moja. Najua unajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu, Dada, wewe unanikatiza. Sijafika penye utamu unaniambia fupisha, salio linaisha. Karatasi haina salio. Leo utanisikiliza mpaka mwisho, na ukitaka kukatiza, gombana na karatasi.

Habari kubwa ni ya mwanao. Nasema mwanao kwa kuwa wewe ndiye mama yake mkubwa na sifa zake ni zako pia, ingawa uchungu niliusikia mimi peke yangu. Huku hakuna anayeniita tena kwa jina langu. Mwenye duka, mwalimu mkuu, hata mzoa taka, wote ni Mama Injinia, Mama Injinia. Nikipita mtaani naitikia kulia na kushoto kama mgombea wa uchaguzi. Cheka tu. Wewe una watatu, na wote wanafanya kazi ya kukaa kwenye kiti. Mimi nina mmoja, tena wa kike, na anapanda mnara mrefu kuliko jengo lolote la mji huu, mkanda kiunoni, spana mfukoni, na akifika huko juu anaimba. Nikiwa uani namsikia. Sauti si nzuri, hiyo alirithi kwa baba yake, Mungu amrehemu. Lakini inatoka juu.

Ngoja nikueleze kazi yake vizuri. Ulipouliza siku zile nilikujibu kwamba anashughulika na simu. Hilo lilikuwa la uongo, nilikuwa sijui mwenyewe, na sikutaka ujue kwamba sijui. Sasa najua. Watu wa zimamoto wana redio zao za mkononi, na gari la wagonjwa lina yake. Lakini redio hiyo sauti yake haiendi mbali, inaishia mnara wa jirani tu. Kutoka hapo maneno lazima yabebwe. Mnara huu unaupa ule, ule unaupa mwenzake, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji, mpaka yafike chumba cha dharura ambako kuna dada amekaa anasikiliza. Na si hao tu. Idara ya Maji wanatumia njia hiyo hiyo kuiambia pampu iwake au izime. Watu wa Umeme wanaitumia kujua waya umekatikia wapi. Kila mtu analiona gari jekundu, kila mtu analiona bomba. Huko nyuma maneno yanakobebwa, hakuna anayekuona. Mwanao ndiye fundi wa huko nyuma.

Sasa juu ya minara kuna sahani za chuma, kubwa kama gurudumu la lori, na sahani mbili haziwezi kupokezana neno mpaka zionane. Ndivyo wanavyosema wenyewe mafundi: hizi zinaonana, hizi hazionani. Mti ukikua katikati, hazionani. Mtu akiinua ghorofa, hazionani. Mvua ikiwa kubwa, zinaonana kama wewe unavyoiona karatasi hii.

Na mmoja wa minara hiyo, unaukumbuka, ndio ule wa mlimani nyuma ya nyumba yangu. Ule ndio mzee wa minara yote. Mitambo yake ni ya zamani mpaka waliotengeneza wameacha kutengeneza vipuri, kwa hiyo mwanao inabidi auvue mtambo uliokufa ili auvike ulio hai. Nilimwambia hiyo ni kazi yangu mimi, kiraka juu ya kiraka, mpaka nguo yote inakuwa viraka na hakuna anayekumbuka kitambaa cha kwanza kilikuwa na rangi gani. Alicheka sana. Akaenda kuisema ofisini kwao, nikaambiwa bosi wake naye alicheka. Kwa hiyo ujue kwamba maneno yangu yanasemwa maofisini.

Ufunguo wa uzio wa mnara unakaa kwangu kwa sababu nyumba yangu ndiyo ya karibu. Na mlangoni pa kibanda cha mitambo kuna taa ndogo. Ikiwa ya kijani, mnara mzima. Ikigeuka nyekundu, mnara unaumwa. Mimi naiona kutoka dirisha la jikoni. Basi nikiona nyekundu, Dada, kabla hata simu ya ofisini haijalia, mimi nimeshashika ufagio. Nafagia chumba cha mwanao, nabadilisha shuka, nafungua madirisha. Kwa sababu mnara ukiugua, mimi napata mgeni. Anakaa mbali, unajua, ni safari ya nusu siku, na kazi yao haina Jumapili. Anakuja na gari lenye ngazi juu, anachukua ufunguo, anapanda, anatengeneza, anashuka. Anakula kwangu, analala kwangu, asubuhi anaondoka.

Lakini kabla hajaondoka namtembeza. Koti lake la kazi ni la rangi ya chungwa lenye mistari inayong'aa, gari likimulika linawaka lote. Namwambia twende dukani nina haja ya chumvi. Tunapita polepole, na watu wanatuona, na mwenye duka anamwambia Injinia karibu. Nina chumvi nyingi sana ndani ya nyumba hii, ungedhani nafuga ng'ombe.

Kati ya ugonjwa mmoja na mwingine, nyumba inakaa kimya. Sikufichi. Cherehani ikisimama nasikia jokofu likikohoa jikoni. Juzi nimejikuta nimeliambia pole.

Basi mwaka huu, kabla ya mvua, akaja siku ambayo taa ilikuwa ya kijani. Nikasema kuna nini. Kumbe kazi. Alikuwa na michoro ya mtandao mpya, akaitandaza juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Sahani mpya, redio mpya, betri zinazohimili umeme ukikatika, na njia mbili badala ya moja, ili njia hii ikifa maneno yapite ile. Alieleza vizuri sana, nilitamani majirani wangekuwepo. Nikamuuliza huu wetu wa mlimani utawekewa sahani za namna gani. Akasema huu hautakuwepo. Mnara mpya utasimama juu ya tangi la maji upande wa pili wa mji, kule zinaonana vizuri zaidi. Huu utashushwa.

Nikamwambia vizuri sana mwanangu, ndiyo maendeleo hayo. Kisha nikaenda jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Tatizo likawa pesa. Maji wanasema waanze kulipa Umeme. Umeme wanasema wenye kupiga kelele zaidi ni Zimamoto. Zimamoto hawana hata pesa ya mipira ya maji. Kila mmoja anautazama mfuko wa mwenzake. Mwishowe Mfuko wa Maafa ukasema utatoa nusu, lakini kwa sharti baraza la mji litoe nusu ya pili, tena lipitishe mbele ya wananchi. Kamati ya fedha ya baraza mwenyekiti wake ni mtu mmoja tunamwita Mzee Subirini, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila ombi. Si mtu mbaya. Yeye alitaka pesa hizo zinunue vitanda vya wodi ya wazazi, na nani atamlaumu? Kitanda kinaonekana. Mtu anajifungua juu yake, anakishukuru. Nani ameishukuru sahani?

Mwanao akaniomba nije kusema barazani. Alisema mama, wewe unakaa chini ya mnara, waambie tu unavyougua. Mimi! Nikashona gauni jipya kwa ajili ya siku hiyo, la bluu, na kola. Ukumbi ulijaa. Mwanao akaeleza na michoro yake ukutani, sauti haitetemeki, maneno yamenyooka, nami nimekaa mstari wa mbele nikigeuka nyuma kuangalia kama watu wanaona. Jirani yangu seremala, yule mwenye karakana kule bondeni, alikuwa kiti cha pili, akaninong'oneza kwamba Mama Injinia shingo hiyo itateguka.

Ikafika zamu yangu. Nikasema mnara unaugua, unaugua mara kwa mara, nikawa nimesema vizuri kabisa kama nilivyofundishwa. Mzee Subirini akanishukuru kwa heshima zote, akasema anapenda kuuliza kitu kidogo tu kama mzazi mwenzangu. Ati, huyu fundi tuliyemsikia ni binti yangu? Nikasema wa kumzaa. Akasema mji una bahati. Je, akishatengeneza yeye, kazi yake inadumu?

Dada, unanijua. Ulimi wangu ukisikia mwanangu anasifiwa, unatoka mbio bila viatu. Nikasema inadumu! Nikasema akigusa yeye, hakiharibiki tena. Nikasema huyo anaweza kufufua kitu ambacho wenye kiwanda wamekizika, na kwamba akiwepo yeye mtambo ule utaishi kuliko sisi sote humu ndani. Watu wakapiga makofi. Nikainama kidogo, hivi. Na Mzee Subirini naye akapiga makofi, kisha akasema kwamba basi kama mji una fundi wa namna hiyo, mtambo mpya unaweza kusubiri. Wakaahirisha mpaka kikao kingine.

Nilipogeuka kumwangalia mwanao alikuwa anakunja michoro yake, polepole, kona kwa kona. Nje akaniambia kwa upole, mama, leo umenisifu mpaka umenizika. Akaingia garini akarudi kazini siku ile ile, hakulala.

Nitakwambia jambo ambalo sikumwambia mtu. Njiani kurudi nyumbani nilikuwa na aibu, naam, aibu tele. Lakini ndani yangu kulikuwa na mtu mwingine mdogo aliyekaa chini akapumua, akasema, basi mnara bado upo.

Mvua zikaanza. Mchana mmoja ilinyesha kama imetumwa, na taa ya kibanda ikawa inageuka, kijani, nyekundu, kijani, haijui inataka nini. Nami nikachukua ufagio. Nilikuwa nafagia chumba cha mwanao, Dada, ndipo nilipoona moshi bondeni. Usiniulize moto gani huo wa mvua. Vanishi ikiwaka chini ya paa haijui kama nje kunanyesha. Ilikuwa karakana ya seremala. Watu wakapiga simu ya dharura, simu ikapokelewa, gari jekundu likatoka. Yote sawa mpaka hapo. Sasa mtaa wa soko ulikuwa umechimbwa kwa ajili ya bomba la maji machafu, shimo kutoka ukuta hadi ukuta. Yule dada wa chumba cha dharura alilijua hilo. Akawaambia kwenye redio: msipite mtaa wa soko. Maneno yakapanda mnara, yakavuka, yakafika mlimani kwangu, na hapo mlimani, katika kupokezana, ikadondoka silabi moja. Silabi moja tu. Dereva akasikia: mpite mtaa wa soko.

Akapita. Akafika shimoni, nyuma yake magari yamejipanga, hawezi kwenda wala kurudi. Mpaka wanamfungulia njia, karakana imeshakuwa masizi. Seremala mwenyewe alitoka mzima, ila alikuwa amerudi ndani kuokoa randa na misumeno yake, na mikono yote miwili iliungua. Mikono, Dada. Mtu huyo ndiye aliyenichongea meza ya cherehani.

Nilikwenda hospitali. Nilimkuta yule dada wa chumba cha dharura naye amekuja, msichana mdogo, sikujua ni mdogo vile. Amesimama miguuni pa kitanda anarudia jambo moja. Nilisema "si." Jamani, mimi nilisema "si." Seremala akamwambia binti, kaa, mimi nakuamini, ila hiyo "si" yako imelala njiani. Mimi nilipajua ilipolala. Nilikaa pale na machungwa yangu mapajani nikasahau kuyatoa.

Mwanao alikuja jioni ile kutengeneza. Alipanda mvua bado ikinyesha, na hakuimba. Hatukwenda dukani.

Kikao cha pili kilipoitwa, sikuombwa kusema na mtu yeyote. Nilikwenda hivyo hivyo, na gauni la kazini, nyuzi begani. Mwanao akaeleza tena kuhusu njia mbili. Kisha seremala akasimama, mikono imefungwa bandeji kama amevaa mito. Akasema waheshimiwa, msiogope, sikuja kuomba fidia. Nimekuja kudai "si" yangu iliyopotea. Watu wakacheka. Kisha wakaiona mikono, kicheko kikakatika, na akaendelea kusimama pale mpaka ikawa vigumu kumwangalia.

Mzee Subirini akakohoa. Akasema wote wanaumia kwa yaliyompata seremala, ila vitanda navyo ni roho za watu, na tusisahau kwamba Mama Injinia mwenyewe, anayekaa chini ya mnara, alituhakikishia hapa kwamba mtambo ule unadumu. Ukumbi wote ukanigeukia. Zamani nilikuwa naitamani hali hiyo, kutazamwa na ukumbi.

Nikasimama. Na haya ndiyo niliyosema, Dada, nakuandikia kama yalivyotoka. Nilisema haudumu. Nilisema unaharibika kila mvua, na binti yangu anautengeneza kama mtu anayeshona nguo iliyooza, sindano inapita lakini kitambaa hakishiki. Nilisema nilimsifu kwa sababu nampenda, na kwa sababu ya pili pia. Mzee Subirini akauliza ya pili ni ipi. Nikasema mnara ukiharibika, mwanangu anakuja. Usipoharibika, haji. Nikasema mimi nikiona taa nyekundu, nafurahi, nashika ufagio, na siku ile mwenzenu anaungua mikono mimi nilikuwa natandika kitanda. Basi msiniulize tena habari za mnara huo. Mimi si shahidi. Mimi ni mtu mwenye njaa mnayemuuliza kama chungu kimeiva.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilikaa. Mwanao alikuwa mbele na kijiti chake cha kuonyeshea mkononi, na alikuwa hanionyeshi uso.

Wakapiga kura. Pesa zikapita, si kwa wingi, lakini zikapita, na vitanda wakakubaliana wanunue nusu mwaka huu na nusu mwaka ujao. Mzee Subirini aliinua mkono wa mwisho kabisa. Wakati wa kutoka akaniambia kwamba hata yeye wanawe wako mbali, kisha akaondoka haraka kama mtu aliyemwaga kitu.

Tulirudi nyumbani mimi na mwanao garini bila neno. Hata mimi, fikiria. Nikaweka chakula, akala kidogo, akaosha vyombo. Akiwa amenipa mgongo pale penye karai ndipo akaniambia. Alisema mama, mlima si zamu yangu. Sikuelewa. Akasema haujawahi kuwa zamu yake. Upande wetu huu una fundi wake, kijana mmoja anayekaa karibu tu, mwendo wa saa moja. Kila taa ilipogeuka nyekundu, yeye alikuwa akimpigia huyo kijana kumwomba wabadilishane. Amemfanyia zamu zake za sikukuu, amemfanyia za usiku, ili apewe mlima. Ofisini wanamtania kwamba ameolewa na mnara mbovu.

Nikamwambia sasa mwanangu, kama ulitaka kuja si ungekuja tu? Nyumba ni yako.

Akakausha mikono. Akasema alikuja, mara moja. Alikuwa amepata likizo, akaja na nguo zake za kawaida, na kandambili, bila gari. Nilikuwa mlangoni na mke wa mwalimu. Akanikumbusha nilivyosema nilipomwona, kabla ya karibu, kabla ya chochote. Nilisema: kuna nini, wamekufukuza kazi?

Nilijitahidi kukumbuka, Dada. Sikuweza, maana kwangu lilikuwa neno la kupita tu, la mshtuko. Yeye alikumbuka mpaka rangi ya kitambaa nilichokuwa nimeshika. Akaniuliza, bila ukali, laiti angekuwa mkali: mama, nikija bila koti, utanipeleka dukani kwa nani?

Nimekujibu wewe maisha yangu yote, na baba, na walimu, na wateja. Swali hilo sikulijibu. Nilimshika mkono, ulikuwa bado na maji. Akasema mnara ukishashushwa hatakuwa na sababu ya kuja. Nikasema njoo bila sababu. Akasema sawa, mama. Lakini unajua "sawa, mama" ya watoto inavyokuwa. Asubuhi akaondoka.

Mnara umeshushwa. Walikuja watu na mashine, wakauvunja vipande vipande kuanzia juu, na ufunguo wakaondoka nao. Mtandao mpya unafanya kazi. Hilo lazima nikusimulie kwa sababu ni la kwetu: juzi mvua ilinyesha kubwa kuliko ile ya karakana, na mama mmoja mjamzito kule ng'ambo ya mto alizidiwa, na gari la wagonjwa likaelekezwa njia tatu tofauti kwa sababu madaraja yalikuwa yamefunikwa, na kila neno likafika, kila "si" ikafika. Mtoto amezaliwa, wa kiume, mnene. Wewe niambie kuna injinia mwingine unayemjua aliyefanya hivyo. Seremala bandeji zimetolewa. Vidole vya mkono wa kulia vinakunjika, vya kushoto bado vinagoma. Watu wa mtaa wanachanga mbao.

Na mimi siku hiyo ya mvua nilisimama dirishani jikoni. Mlima ulikuwa mlima tu. Kila kitu kilikuwa kizima, Dada. Sijapata kuona mji mzima kiasi kile, wala nyumba tupu kiasi kile.

Bado hajaja. Anapiga simu, anauliza hali, tunaongea vizuri. Simwambii njoo, maana akija kwa kuitwa itakuwa sawasawa na taa nyekundu. Nataka aje siku ambayo hakuna kilichoharibika, na kandambili zake. Kwa hiyo ninajizoeza. Nikiwa kwenye cherehani nafikiria mlango unafunguka, nami natamka kwa sauti neno moja, "karibu," kisha nafunga mdomo. Si rahisi. Jana nilisema karibu, nikajisikia naongeza, "mbona umekonda?" Nikaanza upya. Neno moja tu, mtu wa umri wangu, na halikai peke yake. Niombee, wewe uliyenifundisha kusema, siku akija nisiongeze kitu.

Goti lipake dawa, usilione aibu. Msalimie shemeji, mwambie suruali yake iko tayari ila apime kiuno upya, nina mashaka. Nami nakutakia nyumba yenye kelele.

Ni mimi mdogo wako, mwenye mdomo.